Beji za shule kwenye meza za Kibuye: geuza mgongo kwanza

Hakuna duka la beji katika Soko la Kibuye, Kisumu, na anayeulizia duka atarudi mikono mitupu. Beji zimetawanyika. Ziko kwenye makoti ya mitumba, kwenye mikoba ya shule iliyotoka Marekani na Kanada, ndani ya kopo la vifungo kwenye meza ya anayeuza zipu na nyuzi, na kwenye turubai za wauza vyuma vikuukuu, zimechanganyika na funguo, bawaba na vijiko. Soko liko kandokando ya barabara ya kuelekea Kakamega na huuza kila siku, ila Jumapili ndiyo siku yake kubwa. Nenda Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali, kwa sababu turubai za vitu vidogo huwa nyingi na mwanga wa asubuhi huonyesha nyufa ambazo jua la saa saba huzificha.

Tathmini hii ni ya meza hizo kwa jumla, si ya muuzaji mmoja. Kwa beji za pini kutoka Marekani, Kibuye ni soko la wastani: zipo, bei ni nafuu, lakini nyingi zimeshaharibiwa na maji na pasi kabla hujaziona. Kwa beji za shule na vyuo vya Kenya, hasa vya Nyanza na Magharibi, ni soko la daraja la kwanza, na ajabu ni kwamba wakusanyaji wengi huzipita hizo wakikimbilia za ng'ambo.

Tuanze na zinazokuja na marobota. Koti la shule ya upili ya Marekani, lile la kiwiliwili cha sufu na mikono ya ngozi, likifika na beji kifuani, muuzaji hulipiga bei kama koti. Beji haipandishi bei. Ukiitaka beji peke yake, usiing'oe kwanza ndipo uulize. Mwambie, "Mama, hii beji unaweza kuniuzia bila koti?" Wengi hukubali, maana wateja wao wa koti hawana haja nayo.

Kuitoa kuna namna yake. Tegemeza uso wa beji kwa kidole gumba, bana waya wa pini karibu na mahali unapoingia kwenye ukingo, usukume kuelekea katikati hadi ncha itoke kwenye kishikio, kisha vuta nguo, usivute beji. Waya ukiwa umeshikwa na kutu ndani ya kitambaa, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye waya wenyewe, ngoja dakika chache, halafu uzungushe taratibu. Mafuta yasifike ukingoni. Yakifika, hunyonywa chini ya utando na kuacha doa kwenye karatasi, na doa hilo halina dawa.

Ili ujue unachonunua, ni lazima ujue beji imeundwaje. Beji ya pini ya kawaida ina ganda la bati, karatasi iliyochapwa, utando mwangavu juu ya karatasi, pete ya chuma inayobana vyote kwa nyuma, na waya wa pini. Kampuni ya Whitehead & Hoag ya Newark, New Jersey, ndiyo iliyopata hataza (haki za mvumbuzi) za muundo huu katika miaka ya 1890, na uchaguzi wa urais wa Marekani wa 1896, kati ya McKinley na Bryan, ukaueneza. Shule na vyuo vikafuata: beji za mechi, za sherehe za wahitimu kurudi shuleni, za kupigia kampeni viongozi wa wanafunzi, za vilabu. Utando wa zamani ni seluloidi, plastiki ya kale. Wa siku hizi ni plastiki ngumu isiyogeuka rangi.

Aina ya pili haina karatasi wala utando. Rangi imechapwa moja kwa moja kwenye bati, kisha bati likakatwa na kukunjwa. Hizi zilienea kuanzia miaka ya 1920 kwa kuwa ni rahisi kutengeneza kwa wingi. Tofauti inaonekana kwenye mikwaruzo. Beji ya bati iliyochapwa ikikwaruzwa, chuma cheupe hutokeza. Beji yenye utando ikikwaruzwa, utando huparuka lakini rangi ya chini hubaki. Pitisha pia ukucha ukingoni: kwenye bati lililochapwa ukucha hauhisi mpaka wowote, na kwenye yenye utando huhisi pindo jembamba mahali utando unapoingia nyuma.

Sasa geuza mgongo. Mgongo ndio unaotaja umri, na ndiyo maana muuzaji anayekataa beji isigeuzwe hafai kununuliwa kitu. Baadhi ya beji za kale zina karatasi ya duara iliyotiwa ndani ya mgongo, yenye jina la mtengenezaji. Whitehead & Hoag waliandika humo tarehe tatu: Julai 17, 1894; Aprili 14, 1896; na Julai 21, 1896. Watu huzisoma kama tarehe ya kutengenezwa na kudai bei ya kitu cha karne ya kumi na tisa. Hizo ni tarehe za hataza tu, na karatasi za namna hiyo ziliendelea kutumika miaka mingi baadaye. Ukiambiwa "hii ni ya 1896", tazama mbele: kama kuna mwaka wa mechi au wa darasa, huo ndio wa kuaminiwa.

Beji isiyo na karatasi ya mgongo, soma maandishi madogo kwenye ukingo uliokunjwa. Lenzi ya kukuza mara kumi inatosha. Anwani ya Marekani yenye nambari moja au mbili baada ya jina la mji, mfano "Chicago 7, Ill.", ni ya kati ya 1943, posta yao ilipoanza kuigawa miji mikubwa kwa kanda, na 1963, msimbo wa tarakimu tano ulipoanza. Ukiona tarakimu tano, beji ni ya 1963 au baadaye. Ukiona anwani ya tovuti, hiyo ni ya juzijuzi, hata kama picha ya mbele imechorwa kizamani. Huenda pia ukaona nembo ndogo sana ya chama cha wafanyakazi wa viwanda vya uchapaji, milimita mbili au tatu tu. Ni dalili nzuri, ingawa peke yake haithibitishi lolote. Mgongo wa plastiki ni wa kisasa. Weka chini uendelee na safari.

Chukua rula. Vipimo vya kale vya Marekani ni inchi, hivyo utapata milimita 22, 32, 44 na 57 hivi. Beji za Uingereza za miaka ya 1970 na 1980 mara nyingi ni milimita 25. Mashine za mkono zinazotumika leo mijini kwetu kutengeneza beji za kampeni, za harusi na za siku ya wazazi hutoa milimita 58 au 44, na karatasi yake hukatwa kwa upana wa milimita 70 kwa ile ya 58 ili ipate cha kukunja. Kipimo hakitoshi kuhukumu, lakini beji ya milimita 58 kamili, yenye bati jepesi linalong'aa kote mgongoni na pini mpya, ikidaiwa ni ya miaka ya 1960, ina maswali ya kujibu.

Uharibifu ndio unaopunguza hadhi ya Kibuye kwa beji hizi, na sababu zake ziko wazi. La kwanza ni maji. Koti likifuliwa na beji juu yake, maji huingia ukingoni, hupenya kati ya utando na karatasi, na bati la chini hushika kutu. Kutu hiyo hupanda kwenye karatasi na kutokeza madoa ya kahawia, kwanza pembeni kama duara hafifu, baadaye katikati. Madoa hayo yako chini ya utando. Hakuna sabuni, dawa wala jua litakaloyaondoa, na anayekuambia yatatoka kwa dawa ya meno anakuuzia hasara. Doa moja pembeni, nje ya maandishi, linavumilika. Doa likishafika kwenye maandishi au kwenye uso wa mtu, beji imekwisha, isipokuwa ni ya shule ambayo huna namna ya kuipata tena.

La pili ni pasi. Makoti hunyooshwa kwa pasi ya makaa kabla ya kutundikwa, na seluloidi haistahimili joto. Utando huvimba, hujikunja pembeni au hupasuka nyufa nyembamba zinazoonekana tu ukiinamisha beji kwenye mwanga. Fanya hivyo kwa kila beji: ishike chini ya macho, uigeuze polepole hadi mwanga uteleze juu ya uso. Ufa unaotoka ukingoni kuelekea ndani utaendelea kukua. Kishimo kidogo kisichopasua utando hakitaendelea.

La tatu ni ukingo kufunguka. Bonyeza uso kwa upole katikati: ukisikia mlio wa bati linaloruka, pete imelegea au ganda limebonyea. Usijaribu kulibana kwa koleo. Koleo hupasua utando pale pale unapokunjwa.

Kuhusu nakala za bandia: beji za wanafunzi waliopigania haki Marekani zinapendwa sana, na ndizo zinazoigwa zaidi. Ile ya mkono mweusi na mweupe iliyoshikana, ya Student Nonviolent Coordinating Committee iliyoanzishwa 1960, na zile za Free Speech Movement ya Berkeley ya 1964, zimechapwa upya mara nyingi, baadhi kwa heshima kabisa kama kumbukumbu. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka nakala za vitu vya kisiasa zitiwe alama ya mwaka zilipotengenezwa. Hivyo tafuta mwaka huo ukingoni. Ukikuta ukingo umekwaruzwa mahali pamoja tu, na sehemu nyingine zote ni safi, kuna aliyefuta kitu. Kwa bei ya soko la mitumba hutapoteza pesa nyingi, ila usiiandike katika daftari lako kama ya 1964.

Iko beji moja ya Marekani ambayo mkusanyaji wa Kenya hana budi kuitafuta: ya 4-H, klabu ya vijana ya kilimo na kazi za mikono, yenye jani la kijani la vipande vinne na herufi H kwenye kila kipande. Klabu zetu za 4K, zilizoanza 1962, zilifuata mfano huo, na jina lao ni kifupi cha Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Kuweka beji ya 4-H kando ya ya 4K ni kuweka historia mbili za shule za mashambani kwenye ukurasa mmoja. Na kumbuka kwamba si kila beji ya chuo cha Marekani iliyoko Nyanza ilikuja na robota. Wanafunzi waliokwenda Marekani kwa safari za ndege alizoziandaa Tom Mboya kuanzia 1959 walirudi na vitu vyao, na masanduku ya nyumbani hufika sokoni pia. Mwulize muuzaji kama beji ilitoka kwenye robota au ilinunuliwa katika boma fulani. Jibu hilo hubadilisha kila kitu.

Sasa tufike kwenye hazina yenyewe, turubai za vyuma vikuukuu.

Hapa ndipo zilipo beji za viranja, za manahodha wa michezo, za nyumba za bweni, za vilabu na za sherehe za miaka ya shule. Nyingi si za pini zenye karatasi; ni za shaba iliyopigwa chapa na kutiwa enameli, yaani rangi ngumu kama kioo. Za zamani zilitengenezwa Uingereza, na mgongoni utakuta majina kama Fattorini au J. R. Gaunt pamoja na neno Birmingham. Muuzaji anaipima shaba kwa kilo. Kwake beji ya kiranja wa mwaka 1958 na kitasa kilichovunjika ni mali moja, na vyote vinangoja tanuri. Kila inayonunuliwa imeokolewa kuyeyushwa, na hatuoni sababu ya mtu kulipa pesa nyingi mtandaoni kwa beji ya shule ya Ohio huku beji ya shule aliyosoma mama yake ikiuzwa kwa uzito.

Kujua umri wa beji zetu ni rahisi kuliko za ng'ambo ukijua majina ya taasisi. Siriba kilikuwa chuo cha ualimu hapo Maseno, na 1990 kiliunganishwa kuunda chuo kikuu kishiriki cha Maseno. Beji yenye jina Siriba ni ya kabla ya hapo. WECO (Western College) ya Kakamega iligeuka chuo kikuu kishiriki 2002 na sasa ni Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Egerton ya Njoro, upande wa Nakuru, ilianza 1939 kama shule ya kilimo na ikawa chuo kikuu 1987, kwa hiyo beji inayotaja chuo cha kilimo ni ya zamani kuliko mwaka huo. Royal College Nairobi, Chuo Kikuu cha Nairobi cha leo, ilikuwa na jina hilo 1961 hadi 1964 tu. Prince of Wales ni Nairobi School ya leo, Duke of York ni Lenana. Maseno yenyewe ilianza 1906, basi mwaka wa beji ya sherehe ya miaka ya shule unaweza kujihesabia mwenyewe.

Mfumo wa elimu nao ni saa nzuri. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na kidato cha sita kikamalizika 1989. Beji inayotaja kidato cha tano au cha sita ni ya kabla ya 1990. Inayotaja darasa la nane mara nyingi ni ya 1985 au baadaye.

Vyama vya wanafunzi vina beji zao: maskauti, Girl Guides, Wildlife Clubs of Kenya iliyoanzishwa na wanafunzi 1968, na tuzo ya President's Award iliyoanza 1966 yenye ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Tamasha la muziki la Kenya lilianza 1927, na beji za washiriki na waamuzi wake, zikiwa na mwaka, ni miongoni mwa chache zinazojitaja tarehe zenyewe. Za namna hiyo usizibishanie bei.

Enameli inapimwa hivi. Enameli ya moto ni kioo kilichoyeyushwa: uso wake uko sawasawa na mistari ya chuma, ni baridi ukiigusa kwa mdomo, na ukucha hauachi alama. Ikiharibika huchubuka vipande vyenye ncha. Rangi laini ya siku hizi iko chini kidogo ya mistari. Ukipitisha ukucha unahisi vishimo. Nyingine zimefunikwa kwa gundi ngumu iliyotuna, ambayo hugeuka njano kwa jua na kuwa na viputo. Kisha weka sumaku mgongoni. Shaba haivutwi. Beji ikivutwa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na mara nyingi ni ya karibuni. Usitumie sumaku kwa beji za pini za bati, maana hizo huvutwa zote, za zamani na mpya.

Kishikio cha nyuma ni ushahidi mwingine. Kipande chenye umbo la mwezi mchanga, cha kupenyeza kwenye tundu la kola ya koti, ni cha zamani. Pini ya kulala yenye ndoano imetumika miaka mingi, hivyo haisemi sana. Msumari mfupi wenye kofia ya kubana kwa nyuma ni wa baadaye. Ila kishikio huvunjika, na mafundi hubandika kingine. Tazama risasi ya kulehemu: ikiwa inang'aa wakati shaba yote imekuwa nyeusi, kishikio si cha asili. Bado inafaa kununuliwa, lakini si kwa bei ileile.

Katika kopo lilelile unaweza kukuta beji za polisi au za jeshi. Ziache hapo hapo.

Kuhusu bei, hivi ndivyo tunavyoshauri kama kikomo, na juu ya hapo usipande. Beji ya pini ya bati, ya ng'ambo, yenye kutu kidogo: shilingi 30. Yenye utando, isiyo na doa wala ufa, yenye jina la shule: 100. Yenye karatasi ya mgongo iliyo kamili: 300. Beji ya enameli ya kiranja ya shule ya Kenya, ya shaba, isiyochubuka: 300 hadi 500, na ikiwa na jina la taasisi lililokwisha kubadilika, lipa zaidi bila kusita. Beba noti ndogo na sarafu. Ukitoa elfu moja kwa kitu cha shilingi 50, muuzaji atakosa chenji au bei itapanda. Na usimwambie mtu kwamba kitu chake ni takataka ili akushushie. Mwambie ukweli kwamba unakusanya beji za shule na utarudi. Wauza vyuma wanaojua kuna mnunuzi huanza kuziweka kando badala ya kuzitia guniani, na hilo lina faida kubwa kuliko punguzo la shilingi 20.

Ukifika nyumbani, usizioshe. Vumbi liondoe kwa brashi laini ya rangi ya maji, kavu kabisa. Hili ni muhimu zaidi kwa walio Nakuru, kwa sababu vumbi la huko ni jepesi na kali, na ukianza kwa kitambaa unalisugua kwenye utando. Baada ya brashi, kitambaa laini cha pamba kilichoguswa maji na kukamuliwa hadi kikaribie kukauka kinapita katikati ya uso tu, milimita mbili mbali na ukingo, halafu kingine kikavu kifuate. Usitumie spiriti wala asetoni: asetoni huyeyusha seluloidi. Beji za shaba na enameli zinaweza kupata tone la sabuni ya maji na mswaki laini, lakini dawa ya kung'arisha shaba iache dukani, kwani huingia kwenye nyufa za enameli na kukauka ikawa unga mweupe, na huondoa weusi wa zamani ambao ndio sura ya beji.

Vya kuhifadhia vinapatikana Kisumu na Nakuru katika maduka ya vifaa vya ofisi, na si vyote ni salama. Kurasa za mifuko ya plastiki zenye harufu kali na zinazonata vidoleni ni za PVC. Hizo hutoa mvuke wenye asidi, na baada ya muda shaba hugeuka kijani. Tafuta alama ya pembetatu: namba 3 ni PVC, usinunue, namba 5 ni polipropilini, nunua. Mifuko ya faili ya A4 isiyo na harufu kwa kawaida ni ya polipropilini. Ikate na kuishona kwa cherehani upate vijumba vya sentimita saba kwa saba, beji moja kila kijumba, kwa kuwa pini ya moja hukwaruza uso wa nyingine. Sponji ya godoro inaonekana nzuri siku ya kwanza, kisha humomonyoka ikawa unga unaonata. Sufu nayo ina salfa inayozitia weusi fedha na shaba. Kitambaa cha pamba kiitwacho marekani, kisichotiwa rangi, kikifuliwa mara mbili na kukaushwa vizuri, ndicho tandiko bora na cha bei nafuu kabisa.

Kisumu, iliyo ziwani kwenye kimo cha mita 1,130 hivi, ina joto na unyevu ambao Nakuru, kwenye mita 1,850, haina kwa kiasi hicho. Beji ya bati iliyokaa salama Nakuru inaweza kuota kutu Kisumu katika msimu mmoja wa mvua za Machi hadi Mei. Tumia boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana na vipakiti vya silika, chembe zinazonyonya unyevu. Vile vinavyotoka kwenye maboksi ya viatu mara nyingi vimeshashiba unyevu. Nunua silika yenye chembe za rangi: ya chungwa hugeuka kijani ikishiba, na ya buluu hugeuka waridi. Ikishiba, irudishe kwa joto la nyuzi 110 hadi 120 kwa saa moja au mbili, kwenye chombo kisichotumika kwa chakula. Mchele usiweke, unatoa vumbi na kuleta wadudu.

Lakini boksi hilo la kubana ni la bati na enameli peke yake. Seluloidi ya kale ina tabia ya kutoa gesi ya asidi inapozeeka, na ikifungiwa, gesi hiyo huila beji yenyewe na majirani zake. Iweke kando, kwenye boksi la karatasi lenye matundu, ndani ya kabati la chumba chenye baridi kiasi, mbali na jiko na mbali na dari la mabati, maana inashika moto haraka sana. Ikague kila baada ya miezi mitatu. Ukiona inatoa jasho, ina harufu kali ya kafuri, au utando umeanza kupasuka kama wavu, itenge siku hiyohiyo na uipige picha mbele na nyuma, kwa sababu haitapona.

Kila beji iwe na kikaratasi chake ndani ya kijumba: mahali iliponunuliwa, mwezi na mwaka, bei, ilitoka kwenye koti, kopo au boma, na chochote muuzaji alichosema kuihusu. Tumia penseli. Wino wa kalamu husambaa Kisumu inapokuwa na unyevu, na huweza kuhamia kwenye beji.